Kipaji Hakifungui Maktaba: Stevie Wonder na Upotofu wa Nadharia ya Ushujaa

Katika hotuba za mahafali, mahubiri, vipindi vya redio na vitabu vya kuwatia vijana moyo, jina la mwanamuziki Stevie Wonder limekuwa likitajwa kwa dhamira moja, nayo ni kuthibitisha kwamba ulemavu si kutoweza. Mtiririko wa hoja hiyo unajulikana na kila aliyewahi kuketi katika hafla ya shule: mtoto alizaliwa katika umaskini, hakuona, hakukata tamaa, akafika kileleni, na kwa hiyo asiyefika hana wa kumlaumu isipokuwa moyo wake mwenyewe. Dai hili linaweza kuitwa nadharia ya ushujaa, yaani imani kwamba kinachomwinua mtu mwenye ulemavu ni ukubwa wa nia yake na kinachomzuia ni udogo wa nia hiyo, nalo limetawala mazungumzo ya Afrika Mashariki kuhusu wasanii wenye ulemavu kiasi kwamba watunga sera, wafadhili na hata baadhi ya watetezi wa haki hulirudia bila kulidai ushahidi. Makala haya yanalipinga, kwa sababu si la kweli kuhusu msanii anayetajwa, na kwa sababu kazi aliyoifanya msanii huyo nje ya jukwaa imejengwa juu ya imani iliyo kinyume kabisa. Zaidi ya hayo, dai hilo linaziondolea serikali, shule na kampuni za uchapishaji wajibu ulio wao, kisha linamtwisha mtoto asiyeona.

Inafaa kuanzia pale ambapo nadharia yenyewe huanzia, yaani kwenye upofu, ambao husimuliwa kama ajali ya maumbile au mtihani wa Mungu usio na mkono wa binadamu ndani yake. Stevland Hardaway Judkins, ambaye baadaye angejulikana kwa jina la Stevie Wonder, alizaliwa Saginaw, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, tarehe 13 Mei 1950, kabla miezi yake haijatimia. Aliwekwa katika mashine ya kuwatunzia watoto njiti, akapewa oksijeni nyingi kama ilivyokuwa desturi ya hospitali za wakati huo, na mishipa ya damu iliyokuwa bado inakua nyuma ya macho yake ikaharibika. Maradhi haya, yanayoitwa na wataalamu retinopathi ya watoto njiti, yaliwapofusha watoto wapatao 10,000, wengi wao wakiwa katika nchi tajiri zilizoweza kumiliki mashine hizo, mpaka uchunguzi wa kitabibu uliofanywa Marekani katikati ya miaka ya 1950 ulipothibitisha kwamba oksijeni ya kupita kiasi ilikuwa sababu kubwa ya madhara hayo, na vipimo vikapunguzwa. Kwa hiyo hata mwanzo wa kisa hiki, ambao wasimulizi huutoa nje ya historia, umo ndani ya historia: desturi ya kitabibu ilichangia kuuleta upofu huo, na desturi ilipobadilishwa idadi ya watoto waliopofuka ikashuka. Hakuna mtoto mmoja kati ya waliookolewa na mabadiliko hayo aliyeokolewa na ujasiri wake.

Kinachofuata katika masimulizi ya kawaida ni kipaji, na baada ya kipaji ni umaarufu, kana kwamba baina ya viwili hivyo hapakuwa na kitu. Ukweli ni kwamba palikuwa na vitu vingi, na vingi kati yake vililipiwa fedha. Stevie Wonder alitia saini mkataba na kampuni ya muziki ya Motown ya Detroit mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 11, na wimbo wake wa "Fingertips" ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani mwaka 1963. Mtoto anayezunguka na bendi mji hadi mji hana darasa, na mtoto asiyeona anayezunguka hivyo anahitaji zaidi ya vitabu vya kawaida; kwa hiyo alipatikana mwalimu, Ted Hull, ambaye mwenyewe alikuwa na uoni hafifu, akasafiri naye na kumfundisha kwa utaratibu wa Shule ya Wasioona ya Michigan, ambako kijana huyo alihitimu masomo yake mwishoni mwa miaka ya 1960. Vitabu alivyosoma vilikuwa vya nukta nundu, yaani mfumo wa maandishi uliobuniwa na Louis Braille wa Ufaransa katika karne ya 19, ambamo kila herufi huundwa kwa nukta zilizoinuka zinazosomwa kwa ncha za vidole. Shule ya umma, mwalimu mwenye ujuzi na vitabu vinavyosomeka ndivyo vilivyokuwa baina ya kipaji na umaarufu, na msimulizi anayeviruka huwa ameondoa sababu na kubakiza matokeo.

Mfano wa Ray Charles, mwanamuziki mwingine wa Marekani asiyeona, unalithibitisha jambo hilo kwa uzito zaidi, maana Motown yenyewe ilimwona Stevie Wonder kuwa mrithi wa Ray Charles kwa sababu isiyo ya kimuziki tu, ikamrekodisha mwaka 1962 albamu nzima ya kumuenzi gwiji huyo, kana kwamba watu weusi wawili wasioona lazima wawe na sauti moja. Ray Charles, aliyepofuka akiwa na umri wa miaka kama saba, alisomeshwa katika shule ya serikali ya jimbo la Florida kwa ajili ya viziwi na wasioona, huko St. Augustine, ambako alijifunza kusoma muziki ulioandikwa kwa nukta nundu. Shule hiyo iliwatenga wanafunzi weusi na weupe na haistahili kusifiwa kwa hilo, lakini ilikuwapo na ilikuwa na noti za muziki ambazo vidole viliweza kuzisoma. Anayetaka kujua kwa nini nchi fulani imetoa wanamuziki wasioona walioandika na kupanga muziki wa bendi kubwa, ilhali nchi nyingine imetoa tu wale waliojifunza kwa kusikiliza, angeanza na swali la ni shule zipi zilikuwa na karatasi za aina hiyo, kabla hajagusa suala la nia.

Hapa ndipo wengi huingiza imani ya pili, inayoweza kuitwa nadharia ya fidia, isemayo kwamba Mungu hamnyimi mja wake vyote na kwamba aliyenyimwa macho hupewa masikio. Imani hii ina sura ya huruma na haina budi kujibiwa kwa makini. Ni kweli kwamba tafiti za ubongo zimeonyesha kuwa wanaopofuka wakiwa wachanga huweza kutofautisha sauti kwa wepesi kuliko wengine, kwa sababu sehemu za ubongo zilizokusudiwa kuona hujifunza kazi nyingine. Lakini wepesi huo hautungi wimbo, haufundishi kupiga kinanda, wala haumfikishi mtu studio. Wasioona wengi walionekana katika muziki, katika kughani na katika kuhifadhi Kurani kwa sababu hizo ndizo kazi chache ambazo jamii nyingi hazikuwafungia mlango, nazo ziliweza kujifunzwa bila karatasi. Morris Nyunyusa, mpiga ngoma wa Tanzania asiyeona, aliyepiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja, aliifanya nchi nzima itege sikio, kwa kuwa mdundo wake ndio uliotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Taifa lilimsikia kila siku na kumstaajabia kwa haki. Staajabu hiyo, hata hivyo, haikuwa na nguvu ya kisheria; haikumpa mtoto yeyote asiyeona wa Lindi au Kigoma haki ya kudai kitabu cha hisabati anachoweza kukisoma. Nadharia ya fidia ina madhara ya ziada kwa mtoto mwenyewe, kwani humwelekeza kwenye ngoma na kwaya kabla hajaulizwa kama angependa kemia, na asipokuwa na sauti nzuri humwacha akiwa amenyimwa mara mbili.

Mwaka 1976 ulileta tukio ambalo, kwa yeyote anayetafuta maana ya maisha ya Stevie Wonder, lina uzito kuliko tuzo zake zote. Mwezi Januari mwaka huo mvumbuzi wa Marekani, Ray Kurzweil, alitangaza mashine ya kusomea: kifaa kikubwa cha kuwekwa mezani kilichounganisha kamera ya kunakili ukurasa, programu ya kutambua herufi za maumbo mbalimbali, na sauti bandia iliyousoma ukurasa huo kwa sikio la mtumiaji. Stevie Wonder alisikia habari zake, akafika kwenye kampuni hiyo, akanunua mashine ya kwanza iliyouzwa. Mashine hiyo iligharimu makumi ya maelfu ya dola. Urafiki uliozaliwa pale uliendelea, na kutokana na mazungumzo yao kuhusu namna ya kuzipa ala za kielektroniki uhai wa ala halisi, Kurzweil alitoa kinanda cha K250 mwaka 1984. Wanaosimulia tukio hili kama kielelezo cha bidii wanapitwa na kiini chake. Kwa mara ya kwanza mtu huyu aliweza kuchukua kitabu chochote kilichochapwa na kukisoma peke yake, bila kumwomba mtu. Kilichomwezesha ni mashine, na kilichompa mashine ni fedha ambazo karibu hakuna mtu mwingine asiyeona duniani aliyekuwa nazo. Tajiri asiyeona alipata mwaka 1976 kitu ambacho maskini asiyeona angekisubiri kwa miongo kadhaa, na nia ya maskini huyo haikuwa pungufu.

Wanazuoni wa ulemavu wana jina la mtazamo unaolieleza jambo hili. Mwaka 1976 huohuo, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Uingereza kilichapisha tamko la misingi lililotenganisha hitilafu ya mwili na vizuizi vinavyowekwa na jamii juu ya mwenye hitilafu hiyo, na katika miaka ya 1980 mwanazuoni Mike Oliver, aliyetumia kiti cha magurudumu, aliliendeleza wazo hilo kwa jina la mtazamo wa kijamii wa ulemavu. Kwa mtazamo huu, kutoona ni hali ya macho, ilhali kutoweza kusoma gazeti ni hali ya gazeti. Mtazamo huo umekosolewa kwa kuyasahau maumivu na uchovu wa mwili, na ukosoaji huo una haki yake. Lakini kuhusu kitabu, ngazi, filamu na mtihani, haujapata mpinzani wa maana, na matendo ya Stevie Wonder kuanzia hapo yanaeleweka kwa kufuata mtazamo huo peke yake.

Msanii huyo alikwisha kuonyesha kwamba anafahamu tofauti kati ya kusifiwa na kupewa sheria. Alipotaka mtetezi wa haki za watu weusi wa Marekani, Martin Luther King Jr., akumbukwe, hakuridhika na wimbo. Aliongoza mkutano wa hadhara mjini Washington mwezi Januari 1981 kudai sikukuu ya kitaifa, na sheria ya sikukuu hiyo ilitiwa saini mwaka 1983. Njia hiyohiyo aliifuata katika suala la vitabu. Mwaka 2009 aliteuliwa kuwa Mjumbe wa Amani wa Umoja wa Mataifa mwenye jukumu la kushughulikia watu wenye ulemavu, na mwezi Septemba 2010 alisimama Geneva mbele ya wajumbe wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani, yaani chombo cha Umoja wa Mataifa kinachosimamia hataza, alama za biashara na hakimiliki, akawataka wamalize mvutano uliokuwa ukiuchelewesha mkataba wa kuwawezesha wasioona kupata vitabu. Hapakuwa mahali pa kutia watu moyo. Palikuwa mahali pa wanasheria, vifungu na mabano, na aliyekwenda pale alikwenda kwa sababu alijua kwamba kizuizi kilikuwa kimeandikwa na hivyo kiliweza kufutwa.

Kizuizi chenyewe hakina budi kuelezwa, maana nadharia ya ushujaa hustawi pale ambapo utendaji wa vizuizi haujulikani. Hakimiliki ni haki ya mtunzi au mchapishaji kuamua nani anakili kazi yake. Kukigeuza kitabu kuwa cha nukta nundu, cha sauti au faili linalosomwa na kisoma skrini, yaani programu inayotamka maandishi yaliyo kwenye kompyuta, ni kukinakili. Kwa hiyo katika nchi nyingi shule iliyomtengenezea mwanafunzi wake asiyeona nakala ya aina hiyo bila kibali ilikuwa inavunja sheria. Nchi zilizokuwa na ruhusa maalumu kwa wasioona ziliiwekea mipaka ya taifa, na nakala iliyotengenezwa kihalali nchi moja haikuweza kuvushwa kwenda nyingine. Matokeo yake yalikuwa upotevu usio na kifani: kimojawapo cha vitabu vya Harry Potter kilipotoka, taasisi za wasioona za nchi 5 zinazozungumza Kiingereza zililazimika kila moja kukitengeneza upya kwa nukta nundu, kitabu kilekile na lugha ileile, huku kila taasisi ikiwa na fedha za kutengeneza vitabu vichache tu kwa mwaka. Umoja wa Wasioona Duniani uliiita hali hii njaa ya vitabu, na ulikadiria kwamba kati ya vitabu vilivyochapishwa, vilivyopatikana katika sura ambayo asiyeona anaweza kuitumia havikufika asilimia 10 hata katika nchi tajiri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2010 kwamba watu wenye matatizo ya kuona walikuwa milioni 285, na asilimia 90 kati yao waliishi katika nchi zinazoendelea. Hakuna kiasi cha ujasiri kinachoweza kukisoma kitabu ambacho hakipo.

Rasimu ya mkataba, iliyoandaliwa na Umoja wa Wasioona Duniani, iliwasilishwa mwaka 2009 na Brazil, Ecuador na Paraguay, ikapingwa kwa nguvu na mashirika ya wachapishaji na ya filamu, na ikacheleweshwa na serikali za nchi tajiri zilizoyasikiliza. Hoja yao ilikuwa kwamba ruhusa ya kunakili vitabu kwa ajili ya wasioona ingefungua mlango wa uharamia na kuwanyang'anya watunzi mapato, na kwamba soko lingeyatatua yenyewe mahitaji ya wasioona. Hoja ya soko ilikwisha kukanushwa na historia, kwa kuwa soko lilikuwa na zaidi ya miaka mia moja ya kutengeneza vitabu vya nukta nundu na lilikuwa limeiacha kazi hiyo kwa mashirika ya hisani. Hoja ya mtunzi kunyang'anywa inahitaji jibu jingine, na jibu lililo bora kuliko yote ni mtu aliyesimama Geneva. Stevie Wonder alipotimiza miaka 21, mwaka 1971, aliujadili upya mkataba wake na Motown hadi akapata udhibiti wa kazi zake na sehemu ya haki za uchapishaji wa nyimbo zake, jambo ambalo wasanii wachache wa kampuni hiyo walikuwa wamelipata. Ni mtu ambaye utajiri wake wote umesimama juu ya hakimiliki. Alipoitetea ruhusa hiyo hakuwa mgeni anayeomba mali ya wengine igawanywe. Alikuwa mmiliki anayeijua thamani ya haki hiyo na anayejua kwamba nakala ya nukta nundu mikononi mwa mwanafunzi wa Dodoma haimpunguzii mtunzi hata senti, kwa sababu mwanafunzi huyo hakuwa na kitabu cha kununua.

Mkataba ulipitishwa Marrakesh, Morocco, tarehe 27 Juni 2013, na msanii huyo akaenda huko kuwaimbia wajumbe kama alivyokuwa ameahidi endapo wangekubaliana. Ulianza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, baada ya nchi 20 kujiunga. Mkataba unazitaka nchi wanachama ziweke katika sheria zao ruhusa ya kutengeneza nakala fikivu bila kibali cha mwenye hakimiliki, na kuziruhusu taasisi zilizoidhinishwa, kama vile maktaba, shule na vyama vya wasioona, kubadilishana nakala hizo kuvuka mipaka. Wanufaika wake ni wasioona, wenye uoni hafifu, wenye matatizo ya kusoma yanayotokana na ubongo, na wasioweza kushika kitabu au kufunua kurasa. Katika orodha hiyo hamna neno juu ya kipaji, bidii wala mafanikio. Mtu mvivu asiyeona ana haki ya kitabu sawa na mtu mvivu anayeona, na hilo, ambalo nadharia ya ushujaa haiwezi kulitamka, ndilo lililo msingi wa usawa wa kweli.

Itasemwa kwamba ukosoaji huu unaipiga teke ngazi iliyowasaidia wengi. Wapo watetezi wanyofu wanaokumbusha kwamba katika vijiji ambako watoto wenye ulemavu wamekuwa wakifichwa ndani, na ambako mzazi huona kumsomesha mtoto wa aina hiyo ni kutupa ada, kauli kwamba ulemavu si kutoweza imewatoa watoto uani na kuwafikisha darasani. Hoja hii ni nzito kuliko nyingine zote za upande huo na ina ukweli ndani yake. Lakini kauli inayomtoa mtoto ndani kwa ahadi kwamba ataweza humweka katika hatari siku atakaposhindwa, kwa kuwa haki yake ya kuwapo darasani imefungwa kwenye ushahidi wa uwezo wake. Akifika darasani akakuta kitabu kimoja cha nukta nundu kwa wanafunzi kumi, au akakuta michoro ya jiografia isiyogusika, alama zake zitashuka, na mzazi aliyeaminishwa kwamba nia hutosha atahitimisha kwamba mwanawe hana nia. Stella Young, mchekeshaji na mwandishi wa Australia aliyefariki mwaka 2014, aliikosoa bila kuchoka tabia ya kuwageuza watu wenye ulemavu kuwa vyombo vya kuwatia moyo wasio na ulemavu, na ukosoaji wake unalihusu jambo hili moja kwa moja: anayefaidika na kisa cha ushujaa ni msikilizaji, ambaye huondoka akijisikia vizuri na bila deni lolote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 54, haikusema kwamba mtu mwenye ulemavu atapata habari na vifaa endapo ataonyesha uwezo. Ilisema ni haki yake. Kauli inayofaa kupelekwa vijijini ni hiyo, na hakuna ushahidi kwamba wazazi wa vijijini hawawezi kuielewa.

Afrika Mashariki ina sababu ya pekee ya kuuchukua urithi huu wa Stevie Wonder badala ya ule wa hotuba za mahafali. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, Uganda mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2020, na Kenya iliurekebisha mwaka 2019 utaratibu wake wa hakimiliki ili uuafiki mkataba huo. Nchi hizi zinashiriki lugha ambayo fasihi yake husomwa pande zote za mpaka. Riwaya kama Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ikishatengenezwa mara moja kwa nukta nundu au kama faili safi katika taasisi iliyoidhinishwa ya Thika nchini Kenya, mkataba unaruhusu ifike kwa msomaji wa Buigiri nchini Tanzania bila kutengenezwa tena. Gharama kubwa zaidi ya kitabu cha nukta nundu ni kukiandaa, na kitabu kimoja cha kawaida cha shule huzaa majuzuu kadhaa makubwa. Kwa hiyo kugawana kazi ya kuandaa ni kuongeza idadi ya vitabu kwa fedha zilezile. Visoma skrini vipo, na NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kuendelezwa na Waaustralia wawili wasioona, hutolewa bure na inaweza kutamka Kiswahili. Kinachokosekana mara nyingi ni kitu kidogo na kisicho na ushujaa wowote, yaani faili la asili kutoka kwa mchapishaji. Kitabu kinachotumwa kama picha za kurasa hakisomeki kwa kisoma skrini, na mwalimu hulazimika kukichapa upya neno kwa neno, huku muhula ukienda. Wizara inayonunua vitabu vya kiada kwa fedha za umma ina uwezo wa kuandika katika zabuni kwamba mchapishaji hatalipwa mpaka akabidhi faili linalosomeka, na sharti hilo lingefanya zaidi kwa wanafunzi wasioona kuliko hafla zote za tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, ambapo msanii mwenye ulemavu huitwa kutumbuiza katika ukumbi ambao mashabiki wake wenye viti vya magurudumu hawawezi kuingia.

Wasanii wenyewe wana la kufanya ambalo si kuimba tu, na mfano upo. Albamu ya Stevie Wonder ya Talking Book ya mwaka 1972 ilitoka ikiwa na jina la msanii na la albamu yaliyoinuliwa kwa nukta nundu kwenye jalada lake, hivyo wanunuzi wanaoona walishika mikononi mwao maandishi wasiyoweza kuyasoma. Mwezi Februari 2016, katika utoaji wa tuzo za Grammy, alisoma kwa vidole jina la mshindi kutoka kadi ya nukta nundu mbele ya ukumbi ambao haukuweza kuisoma kadi hiyo, kisha akasema kwamba kila kitu hakina budi kufanywa kifikike kwa kila mtu mwenye ulemavu. Hakuutumia wakati huo kueleza alivyopambana. Aliutumia kudai, na msanii wa Kiswahili mwenye ulemavu anayeweka masharti ya ufikivu katika mkataba wake wa onyesho, pamoja na mkalimani wa lugha ya alama, njia ya mteremko na tangazo linalosikika, anafanya kazi ya aina hiyohiyo.

Mkataba wa Marrakesh hata hivyo una pengo ambalo watetezi wake hawapaswi kulinyamazia. Unahusu kazi zilizo katika maandishi, noti za muziki na michoro inayoambatana nazo, pamoja na vitabu vya sauti. Kazi za picha jongevu ziliachwa nje. Kwa hiyo kiziwi wa Mombasa au Mwanza anayehitaji filamu ya Kiswahili iwekewe maandishi chini ya picha, na asiyeona anayehitaji maelezo ya sauti ya yale yanayoonekana kwenye skrini, hawana katika mkataba huo kifungu cha kukishika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unasema katika ibara ya 30 kwamba sheria za miliki bunifu zisiwe kizuizi kisicho na sababu kwa watu hao kufikia kazi za utamaduni, na unataja filamu, vipindi vya televisheni na tamthilia kwa majina yake. Bunge lolote la Afrika Mashariki linaweza kuitumia ibara hiyo kama msingi wa kuirekebisha sheria yake ya hakimiliki na kanuni zake za utangazaji, bila kusubiri mkutano mwingine wa dunia.